Mkataba Utaanza Upya

Mfasiri huyu hakuwa mtu wa kutulia. Wenzake wa kazi ile huinamia meza mpaka shingo zikakamae. Yeye alifasiri kwa miguu. Alisoma sentensi moja, akainuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi mpaka mlangoni, huku akiinong'ona kwa Kiswahili hivi na hivi, na ilipokubali ulimini ndipo alipokaa kuiandika. Kaka yake, ambaye alikuwa fundi wa plasta, alizoea kusema kwamba siku akiikarabati sakafu ya chumba kile atamwekea dada yake na taa za barabarani.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mjane, na hakujaliwa mtoto. Tangu mumewe alipofariki aliishi katika chumba cha uani nyumbani kwa kaka. Na katika nyumba ile, mshika usukani hakuwa kaka, alikuwa wifi.

Wifi alikuwa mtu wa maneno. Alifanya kazi katika kiwanda cha magodoro, ukumbi wa ushonaji, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akishona vitambaa vya kuvalisha magodoro. Alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Yeye ndiye aliyempa mfasiri jina la Kamusi, na jina likashika mpaka kwa majirani. "Kamusi, njoo ule," angeita kutoka jikoni. "Maneno hayashibishi!" Naye Kamusi angejibu, "Na yako je, wifi, mbona yamekunenepesha?" Wakacheka. Hawakuwa chanda na pete, lakini walivumiliana, na kuvumiliana katika ua mmoja si jambo dogo.

Basi Jumatatu moja wifi alirudi kutoka kazini mapema, hakumsalimu mtu, akapita moja kwa moja mpaka chumba cha uani. Mkononi alikuwa na kijitabu chenye jalada la buluu.

"Soma," alisema. "Wewe ndiye msomi wetu. Kifungu cha tisa."

"Kuna nini, wifi? Kaa kwanza."

"Sikai. Nimekaa miaka kumi na mmoja."

Akaeleza kwa pumzi moja. Kiwanda kilikuwa kimeleta mashine mpya, mashine moja inafanya kazi ya watu sita. Katika ukumbi wa wanawake sitini, si wote watakaobaki. Lakini kulikuwa na kanuni ya siku nyingi pale kiwandani: mfanyakazi aliyetimiza miaka mitano mfululizo haachishwi kabla ya kufundishwa na kujaribiwa kwenye kazi mpya. Wanawake walipoambiwa habari za mashine walitulia, wakajua kanuni inawalinda. Asubuhi ile wakaitwa ofisini, wakaambiwa kwamba hakuna hata mmoja mwenye miaka mitano. Mikataba yao ni ya miaka miwili miwili, na kila miwili ikiisha mkataba unaanza upya. Kwa hiyo wifi, mwenye miaka kumi na mmoja, kwa hesabu ya ofisi alikuwa na mwaka mmoja tu.

"Tukawaambia, sisi kila baada ya miaka miwili tunarinyuu tu, tunatia saini tunarudi kwenye cherehani. Wakatuambia, someni mlichokitia saini. Haya, soma."

Kamusi akafungua kijitabu. *Baada ya miaka miwili mkataba utaanza upya, iwapo hakuna upande uliotoa taarifa ya kuusitisha.*

Akasoma mara moja. Kisha akahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Ile "iwapo" aliijua. Ile "taarifa ya kuusitisha" aliijua pia, maana alikumbuka jinsi alivyoipigania. Akarudi ukurasa wa pili, akatafuta mstari wa chini, na hapo akaliona kosa la chapa lililowahi kumkera: "mfanyakasi". Kijitabu hakikuwa na jina la aliyekifasiri. Lakini mtu huijua kazi yake kama anavyoijua sauti yake ukutani. Sentensi ile ilikuwa yake.

"Kamusi, mbona umenyamaza? Umeona kinyamkera?"

"Nasoma."

"Sentensi moja yote hiyo? Unaisoma au unaikariri?"

"Ni... ni lugha ya kisheria, wifi. Inataka utulivu."

Wifi akakichukua kijitabu chake. "Mimi sijaanza upya hata siku moja," alisema. "Kigoda nilichokalia siku ya kwanza ndicho nilichokalia leo, kimeshachukua umbo langu. Nani aliyeandika upuuzi huu? Laiti ningemjua, ningemshona mdomo, mshono wa mara mbili."

Akatoka. Kamusi akabaki katikati ya chumba, hajui aende dirishani au mlangoni.

Alikumbuka vizuri. Ilikuwa miaka saba nyuma, wiki tatu baada ya kumzika mumewe. Mchapaji mmoja wa mjini alimletea kurasa kumi na nne za Kiingereza akazitaka kesho yake asubuhi. Kichwa chake siku zile kilikuwa kama chumba kilichohamwa. Lakini aliitaka kazi, kwa sababu kukaa bure kulikuwa kubaya kuliko kuchoka. Alizimaliza kurasa zote kumi na nne alasiri moja, akazipeleka, akaliona lile kosa la chapa kwenye nakala ya kwanza, na baada ya hapo hakuzifikiria tena.

Jumanne hakufanya kazi. Mezani kulikuwa na maelezo ya dawa ya macho yaliyotakiwa Ijumaa, akayasukuma pembeni akateremsha kamusi zake zote. Neno la Kiingereza lililokuwa nyuma ya sentensi ile, bila shaka, lilikuwa lile lile ambalo wanawake wa kiwandani walilitamka "rinyuu". Neno la kawaida kabisa, hata mwenye duka la kona analo mdomoni. Lakini Kiswahili hakikulipa nyumba moja, kililipangishia vyumba. Ukiwa na leseni, unaihuisha. Ukiwa na kitabu cha kuazima, unakiongezea muda. Nyumba unaikarabati. Urafiki uliolala unaufufua, ahadi unaiweka tena, nguvu unazirudisha. Na kuna mambo ambayo unayafanya upya kabisa, unayaanza kama hayajawahi kuwapo. Yote hayo ni neno moja. Yeye, kwa mkono wake, alikuwa amechagua chumba cha mwisho.

Akatoka akaenda kutembea. Akapita mtaa wa mafundi viatu, akazunguka soko, akarudi, akazunguka tena. Kwenye kibanda cha kinyozi akaona kibali kimetundikwa ukutani ndani ya kioo, akasimama mlangoni.

"Samahani, ndugu. Kibali hicho, mwaka ukiisha unafanyaje?"

Kinyozi, mwanamume mnene mwenye kichwa kisicho na hata unywele mmoja, akamtazama. "Nakirinyuu, mama. Kwani wewe ni wa manispaa?"

"Hapana. Na ukishakirinyuu, unakuwa kinyozi mpya?"

Mteja aliyekuwa kitini akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Kinyozi yeye hakucheka. "Kinyozi mpya? Mama, mimi nimeanza kunyoa kabla mvi zako hazijaota. Karatasi ndiyo mpya. Mnyoaji ni yule yule."

Kamusi akashukuru, akaondoka mbio mbio kama aliyeiba. Maana kinyozi, bila kamusi hata moja, alikuwa amemwambia kile ambacho alikuwa akikikwepa tangu jana.

Kwa nini basi hakurudi nyumbani akasema? Alijiuliza hivyo njiani, na majibu yakaja kwa wingi kuliko alivyotaka. Alikuwa mfasiri aliyeidhinishwa, mwenye muhuri. Mahakama na hospitali zilipokea karatasi zake kwa sababu ya muhuri ule. Akikiri, muhuri uko hatarini. Kisha kilikuwapo chumba cha uani, na sahani yake kwenye meza ya wifi. Na labda, alijiambia, labda Kiingereza chenyewe kilisema hivyo, labda hakukosea. Mwoga hakosi pa kujificha, hata nyuma ya kijiti.

Jumatano alasiri akaja mgeni. Alikuwa shoga wa wifi, mshonaji mwenzake, mwanamke mwembamba mrefu ambaye kiwanda kizima kilimwita Sindano. Hakuna aliyeshona upesi kama yeye. Wifi alikuwa bado hajarudi, naye Sindano hakumtaka wifi, alimtaka Kamusi.

"Dada, nimekuja kwako kwa sababu wewe unazijua hizi lugha," alisema, akikalia ncha ya kiti. "Wenzangu wameipeleka kesi kwa msuluhishi wa kazi. Inasikilizwa Jumatano ijayo. Lakini ofisi imetuwekea sharti: anayetia saini ya kuondoka kabla ya Ijumaa jioni anapewa barua nzuri ya sifa na stahili zake mkononi. Asiyetia saini akashindwa kwa msuluhishi, anatoka mikono mitupu. Mimi nina mama mgonjwa. Sina uwezo wa kubahatisha. Niambie kama unavyomwambia ndugu yako: yale maneno ya kifungu cha tisa, yana mlango wa kutokea?"

Kamusi alikuwa amesimama dirishani. Nje kaka alikuwa akichekecha mchanga. Akautazama mchanga ule, hakumtazama Sindano.

"Maneno yamekaa hivyo yalivyokaa," alisema.

"Yaani hakuna njia."

"Mimi si mwanasheria, dada."

"Sikukuuliza sheria. Nimekuuliza maneno."

"Yamekaa hivyo yalivyokaa."

Sindano akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kipimo cha daktari. "Ahsante," akasema. "Afadhali kujua." Akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Usingizi wa Kamusi ukazidi kuwa mwembamba. Alhamisi alianza kufasiri maelezo ya dawa ya macho, akakuta ameandika matone mawili mahali pa tone moja, akachana. Akaosha madirisha yasiyo na vumbi. Akapanga vitabu kwa urefu, akavipanga tena kwa rangi. Mezani wifi alimtazama. "Kamusi, una funza? Unakaa unainuka, unakaa unainuka. Au umepata mchumba?"

"Joto tu, wifi."

"Joto la wapi? Mimi nimejitanda khanga mbili."

Ijumaa jioni wifi alirudi akiwa amenyong'onyea. Alitupa mkoba wake juu ya kochi. "Kumi na mmoja wametia saini," alimwambia mumewe. "Kumi na mmoja! Na Sindano ndiye wa mwisho kuingia. Nilimshika mkono, nikamwambia subiri, shoga, subiri Jumatano. Akaniambia ameuliza mtu anayejua."

"Mtu gani?" kaka akauliza.

"Hakutaka kumtaja. Mtu anayejua!" Wifi akasonya. "Wajuaji ndio waliotufikisha hapa."

Kamusi alikuwa ameshika bakuli. Akaliweka chini taratibu, akatoka uani, akaanza kulizunguka pipa la maji.

Kesho yake asubuhi, duka la mchapaji lilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza mlangoni. Mchapaji alikuwa mzee mwenye vidole vilivyoingia wino mpaka visikubali tena sabuni, na alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliita ugonjwa: hakutupa karatasi. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa rafu za chuma zilizojaa majalada yaliyofungwa kamba.

"Kijitabu cha kiwanda cha magodoro?" alisema. "Miaka saba? Hiyo ni jana." Akapanda kijingazi, akapuliza vumbi, akapiga chafya, akateremka na jalada. Ndani yake kulikuwa na kurasa za Kiingereza, na nyuma yake karatasi za Kamusi mwenyewe, mwandiko wake wa wakati ule, umelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Akakitafuta kifungu cha tisa. Neno lilikuwa lile, *renew*, kama alivyojua. Lakini baada yake kulikuwa na maneno mengine manne ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni "kwa kipindi kingine zaidi". Si kipindi kipya, la. Kingine, juu ya kile kilichopita, kama mtu anavyoongeza tofali juu ya tofali. Akaitazama karatasi yake. Maneno hayo manne hakuyafasiri kabisa. Aliyaruka. Na kwenye mstari wenyewe alikuwa ameandika kwanza "utaendelea", akakata. Akaandika "utaongezwa muda", akakata. Juu yake akaandika "utaanza upya", akapiga mstari chini yake, wa kuridhika.

Alikumbuka kuridhika kule. Siku ile, wiki tatu baada ya maziko, aliyapenda maneno hayo mawili. Yalikuwa na sauti nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa akitamani sana kitu chochote, popote, kianze upya.

"Vipi, mama?" mchapaji akauliza. "Kuna kosa la chapa?"

"Kosa si lako," alisema. "Naomba niazime jalada hili."

"Ukilirudisha."

"Nitalirudisha."

Alimkuta wifi uani anafua. Hakumpa salamu, alijua akianza na salamu ataishia kwenye salamu.

"Wifi, kijitabu kile nilikifasiri mimi."

Wifi akaendelea kusugua. "Kijitabu gani?"

"Cha buluu. Kifungu cha tisa. Kiingereza hakisemi mkataba unaanza upya, kinasema unaendelezwa kwa kipindi kingine. Mimi ndiye niliyekosea. Karatasi hizi hapa." Akaendelea mpaka mwisho, maana mlango wa kurudi alikuwa ameshaufunga. "Na Sindano aliniuliza mimi. Mtu anayejua ni mimi."

Mikono ya wifi ikasimama ndani ya povu.

"Umejua lini?"

"Jumatatu. Ulipoleta."

"Jumatatu," wifi akasema. "Jumatatu ulikula kwangu. Jumanne ukala. Jumatano ukaniomba chumvi. Alhamisi ukaniambia joto." Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Kamusi kuliko kelele zozote. "Sikiliza, wifi. Kukosea neno nakusamehe, hata sasa hivi. Mimi mwenyewe nashona upande, nafumua, narudia. Lakini kule kunyamaza hukukosea. Kule ulikusudia."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo. Jumatano utasimama?"

"Nitasimama."

"Mbele ya wote? Na jina lako, na huo muhuri wako?"

"Nitasimama, wifi."

"Basi niondokee hapa, nifue."

Siku nne zile hakuitwa mezani. Chakula chake kililetwa na kaka, sahani imefunikwa, na kaka alibisha mlango kwa kiwiko, akaweka, akasema "Mla", akaondoka. Lilikuwa jina la utani alilompa walipokuwa watoto, na Kamusi alikula machozi pamoja na chakula.

Ofisi ya msuluhishi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye mabenchi na feni iliyokuwa ikigonga kitu kila ilipozunguka. Wanawake arobaini na tisa walijibana kwenye mabenchi. Msuluhishi mwenyewe alikuwa bwana wa makamo mwenye mafua makali, leso haikumtoka mkononi. Upande wa kiwanda alikaa mwanasheria nadhifu, kalamu tatu mfukoni.

"Mheshimiwa, Kiswahili kiko wazi," alisema mwanasheria. "Kuanza upya ni kuanza upya. Anayeanza safari upya amerudi kituoni. Akina mama hawa walisoma wakatia saini."

"Kuna wa kujibu?" msuluhishi akauliza, akapenga kamasi.

Kamusi akainuka. Kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kutembea, alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekifasiri kijitabu hicho," alisema, akalitaja jina lake kamili. "Kifungu cha tisa nilikifasiri vibaya."

Benchi kwa benchi minong'ono ikapita. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ala! Si wifi yake yule?" Wifi akatazama mbele, kama aliyechongwa.

Kamusi akaeleza, akaonyesha karatasi, akaeleza maneno manne aliyoyaruka. Akasimulia habari za kinyozi, jinsi karatasi inavyokuwa mpya na mnyoaji akabaki yule yule, na wanawake wakaguna kwa kukubali.

Mwanasheria akainuka. "Kwa hiyo, mama, unakiri kuwa wewe ni mfasiri mbovu?"

"Siku ile, ndiyo."

"Na tutajuaje kama leo si mbovu vilevile? Wifi yako ni miongoni mwa walalamikaji, sivyo?"

"Ndiyo, ni wifi yangu, na nakula kwake. Msiniamini. Kiingereza hicho hapo. Mwiteni mfasiri mwingine asiyenijua, na wa tatu mkitaka."

Msuluhishi akamtazama kwa macho mekundu ya mafua, kisha akaagiza aitwe mkalimani wa ofisi kutoka chumba cha pili. Akaja bibi mmoja mnene, anatafuna kitu. Hakuelezwa chochote; akapewa karatasi ya Kiingereza, akaambiwa soma hapo. Akameza, akasoma kwa Kiswahili bila kusita: "Baada ya miaka miwili mkataba utaendelezwa kwa kipindi kingine zaidi." Akarudisha karatasi. "Kuna lingine?"

"Hakuna," akasema msuluhishi. "Ahsante."

Uamuzi ulitoka baada ya siku tano, ukabandikwa ubaoni. Mwenye kijitabu ni kiwanda, na kiwanda kilikijua Kiingereza chake tangu mwanzo. Hakiwezi kujificha nyuma ya kosa la mfasiri. Utumishi wa wanawake arobaini na tisa ulihesabiwa mfululizo, kila mwenye miaka mitano akafundishwa mashine. Wifi siku ya kwanza alikata nyuzi zote, siku ya pili akabana kidole, siku ya sita akaanza kuiamuru kama anavyomwamuru mumewe. Akapewa mashine ya nne.

Wale kumi na mmoja waliotia saini, msuluhishi alisema, waliondoka kwa hiari yao, hana mamlaka nao. Na barua moja ikaenda kwa wanaoidhinisha wafasiri. Kamusi akanyang'anywa muhuri kwa mwaka mmoja. Kazi za mahakama na hospitali zikakoma, akabaki na zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya: kadi za mwaliko, matangazo ya vyumba, barua za wapenzi walio mbali. Wifi alimrudisha mezani siku uamuzi ulipobandikwa, aligonga tu kifuniko cha sufuria mara mbili. Utani ulirudi baadaye, ukiwa umekonda.

Lakini lililomkosesha raha halikuwa muhuri. Alikwenda kiwandani mara nne kuwaombea wale kumi na mmoja. Mara ya kwanza alisubirishwa, ya pili aliambiwa ameshasikika, ya tatu mlinzi alikuwa amepewa jina lake. Mara ya nne alimkuta ofisa mmoja akitoka langoni, akamfuata mpaka kwenye gari, na ofisa, ili aondokane naye, akamwambia hao wanawake waombe kazi kama mtu mwingine yeyote mashine za awamu ya pili zikija. Wasitegemee upendeleo.

Na habari hiyo, ndogo kama ilivyokuwa, akaipeleka kwa Sindano.

Sindano alipanga chumba kimoja na mama yake. Mama alikuwa amelala nyuma ya pazia, akikohoa. Mbele, chini ya dirisha, kulikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu na rundo la kitambaa kizito cha mapazia. Sindano hakuonyesha mshangao. Hakumkaribisha kiti, wala hakumfukuza.

Kamusi akaeleza alichoambiwa langoni. Sindano akasikiliza huku akipima kwa futi ya utepe.

"Nishaambiwa," alisema. "Siendi."

"Nimekuja pia kuomba radhi."

"Uliniambia maneno yamekaa yalivyokaa."

"Niliogopa, dada."

Sindano akaikunja futi yake kidoleni. "Na mimi niliogopa," alisema. "Ndiyo sababu nilikuja kwako."

Nyuma ya pazia kikohozi kikapanda kikashuka. Kamusi alitaka kwenda dirishani, dirisha likawa limezibwa na cherehani. Alitaka kwenda mlangoni, akajua akifika mlangoni atatoka.

"Sina kinyongo na wewe," Sindano akasema. "Lakini usinizoee."

"Sawa."

"Umesimama tu. Shika upande huo wa kitambaa, nikate. Usilegeze."

Akashika. Kitambaa kilikuwa kirefu, kinateleza, na mkasi wa Sindano ulipita katikati kwa sauti ya kitu kinachochanika polepole. Wakakata pazia la kwanza, la pili, la tatu. Mikono ikaanza kumuuma. Sindano alisema tu "vuta" au "achia". Walipofika la sita jua lilikuwa limeacha dirisha, na Sindano akaweka mkasi chini.

"Yametosha leo. Mama anataka kula."

"Nije kesho nikushikie?"

"Kesho nina mtu wa kunishikia."

"Na keshokutwa?"

Sindano akauma uzi kwa meno, akautema pembeni, akatazama rundo lililobaki kama anayelipima kwa macho.

"Njoo saa nne," akasema. "Usichelewe. Na uje na mkasi wako, huu wangu ni wa mtu mmoja."